Mboga ya Limi

Wanangu mliobaki pale zahanati,

Siku ya kuniaga mlinipa kanga na kiti cha plastiki, na aliyesoma risala akasema nimeacha pengo. Pengo halikorogi uji. Kwa hiyo nimekaa kwenye kiti chenu hicho, na kalamu ya mjukuu wangu, niwaandikie machache ambayo hayamo kwenye zile picha za vyakula zilizobandikwa ukutani. Shule yangu iliishia darasa la nne kule Magu, msinisahihishe. Majina ndiyo sikujaliwa kusahau.

Tena kuna jambo siku ile hamkulielewa. Yule bibi mwenye bandeji mguuni, aliyekaa karibu yangu, alichomoa mnofu wa samaki kwenye sahani yake akauweka kwenye yangu, akaninong'oneza neno, tukacheka mpaka nikapaliwa. Zawadi akadhani mzee wa watu haoni vizuri, akataka kumbadilishia sahani. Zawadi mwanangu, yule anaona kuliko wewe. Neno lenyewe nitalisema, ila tuanzie mbali kidogo.

Niliingia pale kama mhudumu. Kufagia, kuchemsha sindano, kupika uji wa watoto waliolazwa kwa utapiamlo. Siku ya kwanza nilipika uji mzito wa kushiba mkulima, nikajisifu moyoni. Mama Felista, aliyekuwa mpishi pale kabla yangu, akachungulia sufuria. Akaniuliza, "Milembe, unalisha mtoto au unaziba tundu la panya?" Akanionyesha: maziwa mepesi, sukari kidogo, mafuta kidogo, kijiko baada ya kijiko, upumzike, uanze tena. Tumbo lililozoea njaa linaogopa chakula. Akaniambia pia nisiangalie mizani peke yake. Mizani yetu ilikuwa ile ya kuning'iniza kwenye boriti ya baraza, mtoto anavalishwa kaptula ya kamba anapiga kelele kama anachinjwa. "Anayepiga kelele usimhofie," alisema Mama Felista. "Mhofie aliyetulia. Na siku mtoto anakunyang'anya kijiko, huyo kapona, mizani iseme isemavyo." Hilo sijaliona likikosea.

Basi ukaja wakati wa ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Ninyi wengine mlikuwa wadogo. Sukari tuliyokuwa tunaipangia foleni na kadi ikajaa madukani, na soda, na mafuta ya kupikia, na siagi ya kopo. Viwanda vya samaki vikaota kandokando ya ziwa. Sangara akichunwa minofu, minofu inapanda ndege hapo uwanjani Ilemela inatupitia juu ya paa la zahanati, na mifupa na kichwa inapanda baiskeli kuja kwetu. Ndiyo mapanki hayo. Nilidhani kwa vitu vilivyojaa hivyo wodi yangu itakosa watoto, nipelekwe kufua mashuka. Haikuwa hivyo. Watoto wa kuvimba miguu waliendelea kuja, na sasa wakaja na bibi zao wenye sukari na presha, nyumba moja, mlango mmoja.

Hapo ndipo alipotufikia Daktari Kaijage. Alikuwa amesomea nje udaktari wa familia, na akaandika hivyo hivyo mlangoni kwake. Wanaume wakaacha kabisa kukanyaga baraza lile. Hatukujua kwa nini mpaka mlinzi alipotuambia: mtaani wamesikia familia, wakaelewa uzazi wa mpango, na kwamba huyu mpya anafunga wanaume. Daktari alicheka, lakini kibao hakukitoa. Alisema akikitoa wataona kweli alikuwa na nia hiyo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Ukimletea mtoto, hakuanza na mtoto. Alikuuliza nyumbani nani analima, nani ananunua, nani anapika, nani anapakua, nani anakula na nani. Mimi nilimwona mbea. Alikuwa anatumia muda mwingi kwa mgonjwa mmoja, benchi linanung'unika, na mimi ndiye ninayenung'unikiwa.

Halafu akaja Kabula.

Alikuwa binti mdogo, kaolewa na kijana wa kwetu Magu anaitwa Masanja, wanakaa Buhongwa. Masanja aliacha kulima pamba akapata kazi ya kupakia maboksi kwenye kiwanda cha samaki. Kabula hakupita barazani. Alizungukia nyuma ya jiko langu, mtoto kamfunika kitenge gubigubi na jua linawaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Benchi liko mbele, mwanangu."

"Naomba nikae huku. Kule wananiangalia."

Nikafunua kitenge. Mtoto alikuwa Limi, namjua, nilimlisha mimi mwenyewe akapona akarudi kwao, na mvua zile zile hazijaisha yuko hapa tena. Miguu imevimba, ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta, nywele zimekuwa nyekundu. Alitulia tuli.

Mnajua kwetu wanavyosema. Mtoto mdogo akivimba hivyo, kabemendwa. Kwamba baba au mama katoka nje ya ndoa, au wamerudiana mtoto bado ananyonya, kosa lao likamwingia yeye. Kwa hiyo ugonjwa wa mtoto unakuwa ushahidi, na mshitakiwa karibu kila mara ni mama. Mama wa namna hiyo hakai kwenye benchi. Anazunguka nyuma, tena anachelewa kuja, na kuchelewa ndiko kunakoua.

Nikamwita Daktari huko huko nyuma, mlinzi naye akaja. Kabula akamweleza yote, macho yako chini. Mama mkwe wake kasema Limi kabemendwa, na mwenye kosa ni Kabula. Masanja kakubali. Limi akitoka wodini, atapelekwa Magu kwa ndugu wa baba akatibiwe na mganga wa huko, na Kabula arudi kwa baba yake.

"Akienda Magu bila mimi, atakufa," alisema. Hakulia. Alisema kama anayetaja bei ya kitu.

Nami nilijua ni kweli. Mtoto wa namna ile safari yenyewe ingemmaliza.

Daktari akasema, "Nitamtibu Limi. Lakini nikimrudisha kwenye sufuria ile ile nitakuwa nachota maji kwa pakacha. Nawataka wote, na sufuria yao."

"Mume wangu haji kwako, Daktari. Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

Kabula akamwangalia mlinzi, mlinzi akaangalia ziwa.

Nikatumwa mimi Buhongwa, kwa sababu mama mkwe mwenyewe ni mtu wa Magu na mimi ni mtu wa Magu. Nilimkuta kakaa nje, mguu juu ya kigoda, kikombe cha chai mkononi na soda mbili pembeni. Jina lake Ngolo, lakini wote wanamwita Mama Masanja.

"Mwangaluka," nikamsalimu kwa kwetu.

"Mwangaluka. Karibu dada. Mpeni mgeni soda." Hakukuwa na mtu wa kutumwa, akainama akanipa mwenyewe. "Mwanangu ananitunza. Sukari hainipungui ndani. Ujana wangu wote niliipangia foleni, sasa nailamba."

Akanionjesha na chai yake. Kijiko kingeweza kusimama humo peke yake.

Nikamgusia habari za mkwe wake. Akakaza uso. "Huyo anajua alichokifanya. Mtoto wangu anashinda kazini analeta samaki kila siku, mjukuu wangu anavimba. Kama si yeye, ni nani? Ni samaki?"

Sikubishana. Macho yangu yalikuwa kwenye mguu. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa na majani, na inzi wamekijua.

"Huo mguu unakuuma, Mama Masanja?"

"Hauumi hata. Ndiyo maana siuhangaikii."

"Usiouma ndio unaonitisha mimi. Twende kwa daktari."

Masanja akaingia akitoka zamu, mabuti miguuni, na kapu la mapanki begani, mboga ya siku hiyo. Akanisalimia kwa adabu, lakini aliposikia zahanati akarudi nyuma hatua.

"Mama, kwa daktari wa familia mimi siendi. Tumeambiwa kiwandani anafunga."

"Anafunga vidonda," nikamwambia. "Wanaume anawaacha alivyowakuta."

Mama yake akacheka, na akishacheka mama, mtoto wa kiume amekwisha. "Nitafikaje bila wewe kunibeba?" akamwambia. "Au unataka nibebwe na jirani?" Nikawaeleza kwamba Daktari anaomba waje na chakula chao, mapanki yao, unga wao na sufuria yao, maana mwenye kidonda kama kile lazima aone anakula nini. Sikudanganya. Ndivyo alivyosema, ila hakusema hicho peke yake.

Walikuja Jumamosi, Mama Masanja juu ya baiskeli kama harusi, sufuria imening'inia kwenye usukani. Limi kwa siku zile alikuwa ameanza kunyang'anya kijiko, uvimbe umeshuka, na ilikuwa siku yake ya kutoka. Masanja alikuwa amekuja na mfuko wa nguo za mtoto. Kabula aliuona ule mfuko, akaingia jikoni kwangu bila neno, akawasha moto.

Akapika kama nyumbani. Mapanki yamekaangwa kwanza, kisha nyanya, kitunguu, maji mengi. Ugali ukaiva. Tukatandika mkeka nyuma ya jiko, Daktari akavua viatu akakaa nao. Akauliza, "Nyumbani anapakua nani?"

"Mimi," akasema Mama Masanja. "Nani mwingine?"

Akapakua. Masanja akapata kichwa, kile chenye mashavu yenye nyama. Daktari, kwa kuwa mgeni, kipande kizuri cha shingoni. Yeye mpakuaji kingine. Kabula mkiani, penye mifupa. Limi akawekewa ugali kwenye kibakuli, ukamwagiwa mchuzi juu, tena mchuzi wa kutosha, kwa upendo kabisa.

Mimi niliona, na sikuona. Ndivyo tulivyolelewa wote, mtoto anakula mchuzi. Nani alikuwa na macho ya kuliangalia hilo?

Daktari akauliza kama mtu anayeuliza hali ya barabara, "Limi anakula samaki?"

Masanja akaona ametukanwa kidogo. "Daktari, mimi nafanya kazi ya samaki. Mtoto wangu alale bila samaki? Kila siku ya Mungu anakula ugali na samaki."

Kwa Kiswahili chake hakusema uongo. Mimi mwenyewe, nilipomlaza Limi mara ya kwanza, nilimuuliza Kabula swali hilo hilo akanijibu hivyo hivyo, na tukaendelea kutafuta ugonjwa kwingine.

"Nisaidie jambo moja," Daktari akasema. "Leo tu. Wewe kula cha Limi, yeye ale chako."

Masanja akacheka. Ni mtu mwema, anapenda utani. Akasukuma sahani yake mbele ya mtoto, akachukua kile kibakuli. Limi hakungoja kukaribishwa, akakamata kichwa cha sangara kwa mikono miwili akakumbatia. Masanja akafinyanga tonge, akachovya, akala. Akafinyanga la pili. Akainamisha kibakuli akachungulia, akageuza ugali upande wa pili kama mtu aliyeangusha ufunguo. Kisha, kwa mazoea ya tangu utoto wake, akamgeukia mama yake.

"Mama, sijapewa mboga."

Ndege ikatupitia juu, na hakuna aliyeinua kichwa.

Masanja alijisikia mwenyewe baada ya kuwa amesema. Tonge likabaki mkononi. Akakitazama kibakuli, akamtazama Limi, akakiweka kile kibakuli chini taratibu sana. Mama yake alikuwa ameacha kutafuna. Kabula aligeukia jiko, akawa anakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Nilidhani Daktari sasa ataanza somo. Alikuwa anakula.

Ndipo Mama Masanja akanyoosha mikono. "Mleteni huyo mtoto." Akampakata, akachukua kile kichwa, akaanza kuchambua mashavu kwa vidole, nyama kidogo, anaipapasa, anamtilia mdomoni. "Mfupa utamkaba," alisema, kama vile shida yote ilikuwa hiyo.

Daktari aliponawa mikono ndipo akaomba aone mguu. Mkojo ulipopimwa, ile karatasi ikabadilika rangi mara moja. Akawaambia wote pamoja, si Mama Masanja peke yake, kwamba ana ugonjwa wa sukari, na kidole hakiumi kwa sababu kimeanza kufa ganzi.

"Masanja, sukari unayonunua si mbaya," akasema. "Imekosea mlango tu. Iingie kwenye uji wa Limi, na kijiko cha mafuta, na karanga zilizosagwa. Mama anywe chai bila sukari. Soda basi."

"Watu watasema simtunzi mama yangu."

"Wakikuona unamleta kufungwa kidonda watasema nini?"

Mama Masanja akaguna. "Sukari ilipoadimika niliikosa. Imejaa dukani, nakatazwa."

"Pole, mama."

"Pole haina utamu, mwanangu."

Halafu Daktari akatoa dawa ambayo sijaiona kwenye kabati lolote. Akamwambia Mama Masanja aendelee kupakua, asimwachie mtu. Ila Limi ale kwenye sahani ya bibi yake, na bibi asitie tonge mdomoni kabla hajamchambulia mtoto mnofu. Hakumpa Kabula kazi hiyo. Kabula katika nyumba ile hakuwa na sauti juu ya sahani, na kumwagiza yeye ingekuwa kumpa kosa lingine la kushitakiwa.

Wakainuka. Masanja akauokota mfuko wa nguo, akasimama nao. "Mama, tulikubaliana habari za Magu."

Kabula alikuwa anafunga sufuria kwenye baiskeli. Mikono ikasimama.

Mama Masanja alikuwa anajifuta vidole kwenye kanga. "Magu?" akasema. "Magu nani atamtolea mifupa?"

Yalikwisha hivyo. Walirudi Buhongwa wote, Masanja anasukuma baiskeli, Kabula nyuma na mtoto mgongoni.

Nilimuuliza Daktari baadaye mbona habari ya kubemenda hakuigusa, wakati ndiyo iliyokuwa inamfukuzisha yule binti. Akanijibu, "Mama Milembe, nikimwambia bibi amekosea, atatafuta ushahidi kwamba hajakosea. Acha Limi amwambie."

Limi akamwambia, kwa kunenepa kweli kweli. Kidole cha bibi hakikupona, kilikatwa, lakini mguu ukabaki, na yeye akawa anakuja kufungwa kidonda na mjukuu kiunoni, akinisimulia mimi na kila aliye kwenye benchi namna ya kuchambua shavu la sangara. Ninyi wenyewe mmemkuta bado anakuja. Na Kabula alipokuja kliniki na mimba nyingine, alipita barazani akakaa kwenye benchi, katikati. Akanihadithia kwamba siku moja bombani wanawake walimuuliza, kwa ile sauti yao, kama dawa ya kubemendwa ilipatikana Magu au wapi. Kabla hajafungua mdomo, mama mkwe wake, aliyekuwa kwenye foleni, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Huyu mtoto alikuwa hajapewa mboga. Basi." Akaendelea kungoja zamu yake. Kabula alisema ndoo yake ilijaa ikamwagika, ameishikilia tu.

Sitaki mdhani kila nyumba ilikuwa hivyo. Shija wa Igombe baba yake hakuja, tukamtuma mlinzi, tukamtuma balozi wa nyumba kumi, hakuja, na Shija tulimpoteza. Pacha wa Buswelu, Kulwa alipona, Doto hapana. Nyumba nyingine hazina cha kupakua, na hapo hata Daktari Kaijage alikuwa anabaki kutazama ziwa. Lakini nyingi zilikuwa na mboga, na mboga ilikuwa inapita juu ya kichwa cha mtoto kama zile ndege.

Kwa hiyo mkiuliza mtoto anakula nini, msiridhike na neno samaki, wala neno maziwa, wala maharage. Ulizeni kipande kilimwangukia nani. Mkiweza, kaeni mkekani mle nao. Mwiko wangu nimewaachia nyuma ya mlango wa jiko, una ufa mdogo, msiutumie kwa ugali.

Sasa lile neno. Siku ya kuniaga mliniketisha pamoja na wazee, mkanihudumia mwisho kwa sababu nilikuwa nahangaika kukaribisha watu kwenye sherehe yangu mwenyewe. Sahani yangu ilipofika, samaki walikuwa wamekwisha. Nilipewa wali na mchuzi. Mama Masanja, aliyeletwa na Limi ambaye sasa ni mkubwa, akaitazama sahani yangu, akamega nusu ya mnofu wake, akautoa mifupa mmoja mmoja bila haraka, akaniwekea.

"Kula, Milembe," akaninong'oneza. "Usije ukafika kwako ukasema hukupewa mboga."

Halafu, kabla hajatia tonge mdomoni, akatupa jicho kwenye sahani ya Limi.